Kukesha Ni Kufanya Nini?

(Hotuba ya redio, iliyochapwa kwa ajili ya wasomaji wetu)

Leo twapenda kufikiri pamoja nanyi juu ya neno moja ambalo Bwana alilirudia mara nyingi katika siku za mwisho kabla ya kusulibiwa kwake. Neno hilo ni kukesha. Makanisa yetu yote hulisoma, na ni wahubiri wachache ambao hawajalihubiri. Lakini tukiulizana, kukesha huko ni kufanya nini hasa, tangu Jumatatu asubuhi hata juma liishe, majibu yetu huwa mbalimbali, na mengine ni ya hatari.

Tunaposema hatari, hatutii chumvi. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu ya Kenya ilishikwa na huzuni kwa habari zilizotoka katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Serikali ilianza kufukua makaburi, na hesabu ya miili ikapanda mwezi baada ya mwezi hata ikapita 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, na watoto hawakuwa wachache kati yao. Watu hao walitoka pande nyingi za Kenya. Waliacha kazi na jamaa, wengine wakauza mali yao, wakaenda kukaa porini. Kwa habari za walionusurika, walikuwa wamefundishwa kwamba mwisho umefika, na kwamba kufunga hata kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikamatwa na kushitakiwa pamoja na wengine, nao mwaka 2024 walikana mashitaka mbele ya mahakama. Kuhukumu watu ni kazi ya mahakama, wala hatuiingilii. Kulipima fundisho kwa Maandiko ni kazi ya kanisa, na hatuwezi kuikwepa.

Msikilizaji wetu aliye Magunga aweza kusema kwamba Kilifi ni mbali. Ni kweli, kutoka vilima vya Gwassi hata pwani ni safari ya kuikata nchi nzima. Lakini Opapo, karibu na Rongo, si mbali. Huko, katika Kaunti ya Migori, mwezi wa Aprili 2025 polisi waliwatoa watu 57 waliokuwa wakiishi ndani ya ua wa kanisa moja, na uchunguzi ukaanza juu ya waliofia humo na kuzikwa humo. Hatuyalinganishi mambo hayo mawili. Twasema tu kwamba mtu mwenye njaa ya neno la Mungu aweza kukusanywa nyuma ya ua popote, hata pande zetu.

Tena jambo hili si geni kando ya ziwa letu. Wazee wa Nyanza walisimuliwa habari za Mumbo. Mwaka 1913 mtu mmoja wa Alego, jina lake Onyango Dunde, alisema kwamba amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, kisha akatapikwa mzima na kupewa ujumbe. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba wazungu wataondoka, na wale watakaomfuata Mumbo wataishi kwa neema: mazao yatajiotea yenyewe, na ng'ombe, kondoo na mbuzi watatoka ziwani kwa wingi. Hakutakuwa na haja ya kufanya kazi. Habari hiyo ilienea hata Kusini mwa Nyanza na Gusii. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii, na Waingereza wakaondoka kwa muda, watu wengi walidhani siku yenyewe imefika. Waingereza walirudi upesi, na watu wakaadhibiwa. Tusiwacheke wale wazee. Walikuwa wamenyang'anywa mengi, na mtu aliyeonewa husikia kwa urahisi sauti inayosema kwamba mambo yote yatageuka kesho. Lakini tazameni alama moja, kwa maana tutaikuta tena: jembe liliwekwa chini.

Tuliikuta Kanungu, katika nchi jirani ya Uganda. Kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu kilifundisha kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo, fedha wakawapa viongozi. Mwaka 2000 ukaingia, jua likachomoza kama kawaida, na wengine wakaanza kudai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000 waumini mamia waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada, na baadaye miili mingine mingi ikafukuliwa katika nyumba za kikundi hicho.

Wala wasomi wa nchi za mbali hawakusalimika. Huko Marekani wafuasi wa William Miller, mkulima aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti, walitazamia Bwana arudi tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani bila kuyavuna, na usiku ule ukapita kwa machozi. Nasi tunaonena redioni tuna sababu ya kutetemeka zaidi, kwa sababu yule aliyetangaza tarehe 21 Mei 2011, Harold Camping, alikuwa mhubiri wa redio. Siku ilipopita, alisogeza tarehe mpaka mwezi wa Oktoba. Mwaka 2012 alikiri hadharani kwamba alikosa. Mungu ampe rehema kwa kukiri kwake, lakini kulikuwa na watu waliokwisha kutumia akiba yao yote.

Sasa, ndugu, huenda mtu akasema kwamba kosa la hao wote lilikuwa hesabu mbaya tu. Sisi hatudhani hivyo. Twaona kwamba tarehe yenyewe, hata kabla haijapita, huua kukesha. Fikirini mwalimu wa shule akiwaambia wanafunzi kwamba mkaguzi atafika tarehe 10. Je, watafagia darasa tarehe 3? Watafagia tarehe 9 jioni. Mtu aliyepewa siku hana haja ya kukesha, anangoja tu. Na siku ikimpita bila kitu, hana tena la kungojea. Bwana alipowaambia wanafunzi wake, katika Mathayo 24:36, kwamba siku ile na saa ile haijulikani na malaika wala na Mwana mwenyewe, bali na Baba peke yake, hakuwa akiwanyima kitu chema. Alikuwa akiwalinda. Aliwaacha katika hali moja tu ambayo ndani yake mtu aweza kuishi kila siku kama siku ya Bwana.

Basi kukesha ni nini? Tufungue mfano wa wanawali kumi, Mathayo 25, na twawaomba msome mistari 13 ya kwanza nyumbani kwenu jioni hii. Hapa watu wa ziwani wana faida kuliko wengi wetu, maana wao wanajua kazi ya taa usiku.

Mtu akisimama ufukoni Nyandiwa au Sindo usiku usio na mwezi, ataona taa za wavuvi wa omena zimejipanga juu ya maji kama mji uliojengwa ziwani. Samaki hao wadogo hufuata mwanga, ndiyo maana mvuvi hawatafuti wakati mwezi unang'aa. Zamani taa hizo zilikuwa za karabai, zinazotumia mafuta ya taa. Siku hizi wengi hutumia taa za betri au za jua. Lakini sheria ya kazi haikubadilika. Mafuta yapimwa mchana, ufukoni. Betri hutiwa moto mchana. Mvuvi akifika kilindini usiku wa manane, taa ikaanza kufifia, hana duka huko, na jirani yake aliye katika mtumbwi wa pili akimgawia nusu, taa zote mbili zitazimika kabla ya alfajiri. Kwa hiyo wale wanawali watano hawakuwa wachoyo walipokataa kugawa. Waliona kwamba kugawa kungeiacha arusi nzima gizani.

Lakini liko neno katika mfano huo ambalo wahubiri wengi hulipita upesi. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia, wote wakalala. Si watano wapumbavu tu. Wenye hekima nao walilala, wala hawakulaumiwa kwa kulala kwao. Ona jinsi jambo hili linavyotuondolea mzigo mzito! Kukesha anakokutaka Bwana si kukodoa macho usiku kucha, si kufunga bila kipimo, wala si kuishi katika hofu ambayo kila ngurumo humfanya mtu aruke kitandani. Mama aliyechoka kwa kilimo na kuteka maji aweza kulala usingizi wake kwa amani, ikiwa mafuta yamo chomboni. Tofauti kati ya wanawali wale ilifanyika mapema, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, kila mmoja alipokuwa akifunga mzigo wake nyumbani.

Mafuta hayo ni nini? Walimu wa kanisa wamesema mengi: wengine husema ni Roho Mtakatifu, wengine imani, wengine matendo ya upendo. Hatutaki kugombana juu yake hapa. Jambo lililo wazi ni kwamba ni kitu ambacho mtu hawezi kukiazima saa ya mwisho. Mume hawezi kuingia kwa maombi ya mkewe. Mtoto wa mchungaji hana mafuta kwa sababu baba yake ana kola nyeupe. Na hapa ndipo mafundisho ya nyuma ya ua yanapoangukia, maana humo muumini huambiwa asisome mwenyewe, asiulize, asifikiri. Kiongozi ndiye ana mafuta ya wote. Huo ni wokovu wa kuazima.

Tuendelee mbele kidogo, kwa kuwa hapa kuna hazina. Wanafunzi walikuwa wameuliza, mambo hayo yatakuwa lini? Bwana aliwajibu kwa maneno marefu, sura mbili nzima, Mathayo 24 na 25. Tazameni jinsi jibu lake linavyokwenda. Mwisho wa sura ya 24 amweka mtumwa ambaye bwana wake amesafiri. Ni mtumwa yupi anayesifiwa? Ni yule anayekutwa akiwapa watu wa nyumbani chakula chao kwa wakati wake. Kisha waja wanawali, kisha watumwa wenye talanta, ambao nao wanaulizwa juu ya kazi. Na mwisho wa yote, Mwana wa Adamu ameketi katika kiti chake, mataifa yote mbele yake, na swali lake la kwanza ni juu ya chakula: ni nani aliyemlisha mwenye njaa? Baadaye maji, mgeni, nguo, mgonjwa, mfungwa.

Jibu la Bwana juu ya mwisho wa dunia limeanza na sahani ya chakula na kumalizika na sahani ya chakula. Basi linganisheni na habari ile ya Shakahola. Huko mtoto alinyimwa chakula kwa jina la kumngoja Bwana. Hatuhitaji elimu ya chuo cha theolojia kutambua kwamba mahubiri yale yamesimama kinyume na sura hizi mbili. Bibi asiyejua kusoma, ambaye jana alimpikia yatima wa jirani uji, ameuelewa mfano kuliko mhubiri yule, hata kama hajui kwamba ameuelewa.

Katika kanisa la kwanza pia palikuwa na shida hii. Wathesalonike waliletewa neno kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na wengine wao wakaacha kazi, wakawa wanazunguka nyumba kwa nyumba. Paulo aliwaandikia waraka wa pili kuwatuliza, na katika sura ya 3 anawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe. Mtume yule alitamani marejeo ya Bwana kuliko sisi sote, lakini mikono yake ilikuwa ikishona mahema.

Pande zetu tumewaona watu wa namna hiyo. Waadventista, ambao hata jina lao latokana na tumaini la kurudi kwa Bwana, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Tuwe wa kanisa lipi, hebu tutazame walichokifanya watu hao waliosema Bwana yu karibu: walifungua shule Kamagambo, wakaweka mitambo ya uchapaji Gendia, wakajenga hospitali Kendu. Asiyeamini angeweza kuwauliza, mwachoma matofali ya nini, kama Bwana wenu anakuja? Jibu ni lile la Mathayo 24: alituachia watu wa nyumbani.

Je, na ishara? Hatuzidharau. Mwaka 2020 peke yake Kenya iliona nzige wa jangwani, kisha ugonjwa wa korona, kisha ziwa letu likapanda kuliko kawaida hata maji yakaingia nyumba na mashamba ya watu wa ufuko. Wengi walisema, huu ndio mwisho. Bwana alikwisha kutaja vita, njaa na matetemeko, na katika Mathayo 24:8 akaviita mwanzo wa utungu. Mkunga akiitwa na mwanamke mwenye utungu wa kwanza, hatangazi saa ya mtoto kuzaliwa. Atachemsha maji, ataandaa nguo safi, atakaa karibu. Hiyo ndiyo kazi ya ishara kwetu. Familia iliyohamishwa na maji ya ziwa haikuhitaji kuambiwa kwamba ni ishara. Ilihitaji mahali pa kulala.

Basi, ndugu, kwa kuwa wahubiri wa kila namna hupita katika masoko yetu, nao wengine wana vipaza sauti vikubwa kuliko makanisa yao, twawapa vipimo vichache. Mhubiri akitaja siku, Bwana amekwisha kumjibu. Akikutaka uuze shamba au ng'ombe na kumletea yeye fedha, muulize kwa nini fedha zina kazi kwake ikiwa dunia inakwisha. Akikutenga na mzazi, na mwenzi wako au na jamaa, akikwambia uwatoe watoto shuleni, ondoka na watoto wako. Na liko moja ambalo twapenda kulisema kwa sauti kuu, kwa sababu katika Homa Bay na Migori nyumba nyingi zimeguswa na virusi vya ukimwi: mtu yeyote akikuambia uache kumeza dawa zako za ARV ili kuonyesha imani, usimsikilize, hata akiwa amekuombea mara mia na kulia machozi. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, wala Paulo hakumwambia atupe mkoba wake. Meza dawa, na umshukuru Mungu kwayo. Na ukijua mahali ambapo watu wamefungiwa na kunyimwa chakula au dawa, mwambie chifu au polisi siku hiyo hiyo. Huko si kulisaliti kanisa.

Na nyumbani je? Mtu aliye tayari ana mambo machache ambayo ameyanyoosha. Kama una neno na ndugu yako juu ya mpaka wa shamba, nenda kwake juma hili. Kama una deni dukani, lipa, au ukaongee na mwenye duka. Soma Neno mwenyewe, hata mistari mitatu, na watoto wakisikia. Omba bila haraka. Nasi twaongeza jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi: andika wosia, na hati za shamba zijulikane zilipo. Ni wajane wangapi wamefukuzwa katika boma kwa sababu mume, aliyekuwa akiimba kila Jumapili kwamba yu tayari kwenda, hakuandika neno hata moja? Mume huyo alikuwa na taa, lakini tunashindwa kusema kwamba alikuwa na mafuta.

Wako wanaouliza swali hili, na ni swali zuri: je, si imani haba kupanda miti itakayokomaa baada ya miaka ishirini, na huku tunasema Bwana aweza kuja usiku huu? Tuwapeleke kwa Yeremia, sura ya 32. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni kwa sababu ya kutabiri kwamba mji utaanguka. Alijua maangamizi yanakuja kuliko mtu yeyote mjini. Siku hizo hizo Mungu alimwambia anunue shamba la jamaa yake huko Anathothi. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi, kisha akaagiza hati iwekwe ndani ya chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi.

Kwa hiyo wapandeni, ndugu wa Gwassi. Vilima vyenu vimekatwa miti mingi, na watoto wenu watahitaji kuni na mbao, Bwana akikawia. Chimbeni mashimo mapema, miche itiwe ardhini masika yakianza.